Fangasi, Upele na Malengelenge: Maadui Wadogo wa Mwanamichezo wa Kambini

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Maneno hayo ni ya kweli. Hata hivyo, kidole kimoja cha mguu kilichochanika kwa fangasi chatosha kabisa kumtoa uwanjani mkimbiaji hodari, kumlaza kitandani askari mwenye afya njema, na kuipunguzia nguvu timu nzima siku ya mashindano. Magonjwa ya ngozi hayaji kwa kishindo. Huanza kwa mwasho mdogo, au kwa baka lililofichwa ndani ya kaptura, na mara nyingi mgonjwa huliona jambo hilo kuwa ni aibu kabla ya kuliona kuwa ni ugonjwa. Wakati anapoficha, huwaambukiza wenzake bwenini, na siku ya likizo humpelekea mkewe na watoto zawadi ambayo hawakuiomba.

Katika mji wa Jinja, mahali ambapo mto Nile huanza safari yake kutoka Ziwa Victoria, jambo hili lina uzito wa pekee. Hapo Kimaka ndipo kilipo Chuo cha Juu cha Ukamanda na Unadhimu cha jeshi la Uganda, jirani na kiwanja kidogo cha ndege. Mjini humo kuna viwanja vya Kakindu na Bugembe kwa wapenda soka, na uwanja wa Dam Waters, nyumbani kwa wachezaji wa raga wa Jinja Hippos. Ukishika barabara ya mashariki utafika Mbale, chini ya Mlima Elgon, nchi ya wapanda milima na wakimbiaji wa masafa marefu. Sehemu zote hizo zina mvua za misimu miwili, na Jinja, iliyo kando ya ziwa, ina joto na unyevunyevu karibu mwaka mzima. Hali hizo zinazoustawisha mgomba ndizo pia zinazoistawisha fangasi.

Tena, katika Uganda majeshi na polisi ni shina la michezo. John Akii-Bua alikuwa polisi aliposhinda mbio za meta 400 za kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972, kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kuzimaliza mbio hizo chini ya sekunde 48. Stephen Kiprotich, aliyetwaa medali ya dhahabu ya marathoni mjini London mwaka 2012, ni wa Jeshi la Magereza. Joshua Cheptegei, bingwa wa Olimpiki wa meta 5,000 mjini Tokyo mwaka 2021 na wa meta 10,000 mjini Paris mwaka 2024, ni wa Jeshi la Polisi. Mashujaa hao walishinda kwa miguu yao, na mguu hauwezi kukimbia vizuri ikiwa ngozi yake inawaka moto. Kwa hiyo kuitunza ngozi ni sehemu ya mazoezi, kama vile kula na kulala.

KWA NINI MWANAMICHEZO HUUGUA ZAIDI

Ngozi ni ngome ya mwili. Ikiwa kavu na nzima, vijidudu vingi hushindwa kupenya. Lakini mwanamichezo huishi katika mambo manne yanayoibomoa ngome hiyo. La kwanza ni jasho, ambalo huilainisha ngozi na kuilowesha kwa saa nyingi. La pili ni msuguano wa viatu, soksi, kaptura na mikanda. La tatu ni kugusana mwili kwa mwili, hasa katika raga, ndondi, mieleka na judo. La nne, ambalo ndilo baya kuliko yote kwa sababu laweza kuepukwa, ni kuazimana taulo, wembe, soksi, ndara na sabuni.

Askari ana la tano: kuvaa buti kutwa nzima, kisha kulala katika bweni lenye vitanda vilivyokaribiana. Historia ya majeshi yatoa funzo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, maelfu ya askari waliharibika nyayo kwa kusimama katika maji baridi na matope ya mahandaki ya Ufaransa, hata ikabidi maofisa waamriwe kuikagua miguu ya askari wao na kuhakikisha kwamba soksi zinabadilishwa. Miaka hamsini baadaye, askari wa Marekani waliopita katika mashamba ya mpunga ya bonde la Mekong, nchini Vietnam, waliugua fangasi na vidonda vya ngozi kwa wingi. Adui huyo hakuwa na bunduki, lakini aliwatoa watu vitani.

Jambo moja lieleweke mapema. Vitabu vingi vya tiba husema kwamba ngozi inayougua huwa nyekundu, kwa sababu viliandikwa na watu waliotazama ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi wekundu huo aghalabu hauonekani. Badala yake sehemu yenye ugonjwa huweza kuwa nyeusi zaidi, ya kijivu, ya zambarau, au yenye kupauka. Basi asiyeona wekundu asidhani kwamba hana ugonjwa. Atazame ukavu, magamba, uvimbe na joto, na asikilize mwasho na maumivu.

FANGASI YA MIGUU NA YA KINENA

Ugonjwa ulio mwingi kupita yote kwa wanamichezo ni fangasi ya miguu. Huanza kwa kawaida kati ya kidole kidogo na kile kinachokifuata. Ngozi hulainika na kuwa nyeupe kama iliyorowekwa, kisha huchanika, huwasha na kunuka. Kwa wengine huenea unyayo mzima, ukawa mkavu wenye magamba madogo, na mgonjwa akadhani ni vumbi tu. Ukiachwa huingia kwenye kucha, zikawa nene, za manjano na zenye kuvunjikavunjika, na hapo tiba yake huwa ya miezi mingi.

Hatari yake haiishii kwenye mwasho. Ule mpasuko kati ya vidole ni mlango ulio wazi. Bakteria wakipita hapo mguu wote waweza kuvimba, ukawa wa moto na wenye maumivu, pamoja na homa na mtoki kinenani. Mgonjwa wa namna hiyo asisubiri kesho, apelekwe hospitali.

Ndugu wa fangasi hiyo ni ile ya kinena na mapaja. Hutokea katika mikunjo, ikiwa na ukingo uliojitokeza ambao husogea nje siku hadi siku. Mara nyingi mtu hujiambukiza mwenyewe, kwa kupitisha miguu yenye fangasi ndani ya chupi, au kwa kujifuta miguu kwanza na kinena baadaye kwa taulo lile lile. Kwa sababu hiyo mwenye fangasi avae soksi kabla ya chupi, na akioga ajifute miguu mwisho.

Tiba si ngumu. Malhamu ya klotrimazoli au mikonazoli hupakwa mara mbili kwa siku kwa muda wa majuma mawili hadi manne. Ile ya terbinafini huhitaji muda mfupi zaidi. Malhamu ya zamani ya Whitfield, iliyotengenezwa kwa asidi ya benzoiki na ya salisiliki, bado yafaa kwa ngozi ya nyayo, ingawa yawasha mno kinenani. Kosa la wagonjwa wengi ni kuacha dawa mara mwasho unapokoma. Mwasho hutangulia kuondoka, na fangasi hubaki. Dawa iendelee walau juma moja zaidi baada ya ngozi kuonekana nzima.

Dawa peke yake haitoshi ikiwa buti ni bichi. Buti lililolowa jasho au mvua halikauki kwa usiku mmoja. Penye uwezo ziwepo jozi mbili, zipumzishwe kwa zamu. Pasipo na uwezo huo, buti lifunguliwe kamba mpaka chini, ulimi uvutwe nje, na ndani lijazwe magazeti makuukuu yanyonye maji. Asubuhi magazeti hayo yatupwe. Soksi zibadilishwe kila siku, na mara mbili penye mazoezi. Katika bafu la pamoja, kila mtu avae ndara zake mwenyewe.

CHOA, NA DAWA ZINAZODANGANYA

Choa ni fangasi ile ile inapotokea mwilini au kichwani. Mwilini hufanya duara lenye ukingo wa magamba na katikati pakavu, mfano wa sarafu. Kichwani, hasa kwa watoto, nywele hukatika na kuacha mabaka yenye unga mweupe. Choa cha kichwani hakiponi kwa kupaka. Huhitaji vidonge kutoka kwa mganga. Mashine ya kinyozi isiyosafishwa ni msambazaji mkuu wa choa, na kinyozi wa kambi hana budi kuisafisha kwa dawa kila anapomaliza kichwa kimoja.

Hapa lipo onyo kubwa. Madukani huuzwa malhamu nyingi zenye steroidi kali, nyingine zikiwa zimechanganywa na dawa ya fangasi, na nyingine zikitumika kwa kujichubua. Mtu mwenye choa akizipaka huona mwasho umekwisha kwa siku mbili, akashangilia. Kumbe steroidi imeunyamazisha mwili usipigane, na fangasi yaenea chini kwa chini, duara likapoteza umbo lake hata tabibu akashindwa kulitambua. Zikitumiwa kwa muda mrefu, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, yenye michirizi isiyofutika. Mwanamichezo asinunue malhamu kwa kusikia sifa zake kwa jirani.

UPELE NI UGONJWA WA NYUMBA NZIMA

Upele huletwa na mdudu mdogo sana anayechimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Alama yake kuu ni mwasho unaozidi usiku, na vipele vidogo kati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni, matakoni, na kwenye sehemu za siri za wanaume. Kwa mtu anayeupata mara ya kwanza, mwasho huanza majuma manne hadi sita baada ya kuambukizwa. Maana yake ni kwamba askari aweza kurudi nyumbani akiwa hana dalili yoyote, akawaambukiza jamaa zake wote kwa kulala nao, na yeye mwenyewe asijue.

Ndiyo sababu kumtibu mtu mmoja ni kazi bure. Wote wanaolala nyumba moja, au safu moja ya vitanda bwenini, hutibiwa siku moja, wenye mwasho na wasio na mwasho. Dawa za kawaida ni malhamu ya pemetrini ya asilimia 5, au maji ya benzili benzoeti ya asilimia 25, ambayo kwa watoto huzimuliwa kwa kipimo atakachoeleza mganga. Hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayo, bila kusahau chini ya kucha, kitovuni na katika mikunjo, ikaachwa mwilini kwa muda ulioelekezwa. Kwa pemetrini, kupaka jioni na kuoga asubuhi kwatosha. Tiba hurudiwa baada ya juma moja.

Siku hiyo hiyo shuka, taulo na nguo za siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kitu kisichofulika kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kwa siku tatu au zaidi, maana mdudu huyo hawezi kuishi muda mrefu mbali na mwili wa binadamu. Mwasho waweza kuendelea majuma mawili hadi manne hata baada ya wadudu kufa. Mgonjwa asijipake dawa kila siku kwa hofu, kwani ataiunguza ngozi yake.

MAJIPU, VIDONDA NA MICHEZO YA KUKUMBATIANA

Majipu na vidonda vyenye usaha huletwa na bakteria wanaoingia penye mchubuko. Jipu lisikamuliwe, hasa lile la usoni karibu na pua na mdomo. Likandwe kwa kitambaa safi cha maji ya moto mara tatu au nne kwa siku, na likiwa kubwa lipasuliwe na mganga. Ikiwa wachezaji kadhaa wa timu moja wanapata majipu kwa zamu, chanzo kitafutwe katika wembe, taulo, au mkeka wa mazoezi usiooshwa.

Wapo pia virusi vya malengelenge ya mdomoni, ambavyo katika mieleka na raga huhamia usoni, shingoni na mikononi kwa kusuguana. Mwaka 1989, katika kambi moja ya mafunzo ya mieleka huko Minnesota, Marekani, vijana 60 kati ya 175 waliambukizwa. Dalili ni vilengelenge vidogo vilivyokusanyika pamoja, vyenye maji, na aghalabu hutanguliwa na maumivu au hisia ya kuchomwachomwa. Vikitokea karibu na jicho, hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa jicho laweza kupofuka.

Malengelenge ya viatu ni jambo jingine. Hayaambukizi, bali hutokana na msuguano. Lengelenge dogo liachwe, lifunikwe. Kubwa lenye maumivu litobolewe pembeni kwa sindano iliyotakaswa, maji yatolewe, lakini ile ngozi ya juu isivuliwe, maana hakuna bandeji inayoipita kwa kulinda kidonda. Soksi nyembamba ndani ya soksi nene hupunguza msuguano, na viatu vipya vizoeshwe kidogo kidogo, visivaliwe kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Harara nayo, yaani vipele vya joto vinavyotokea jasho likizibiwa njia, hupona kwa kuoga maji ya baridi, kuvaa nguo za pamba zisizobana, na kuacha kujipaka mafuta mazito.

ZIWA, VUMBI NA UDONGO MWEKUNDU

Nchi ya Jinja na Busoga ina maadui wake wa pekee. Wa kwanza yumo majini. Anayeogelea katika sehemu za ziwa zenye majani na konokono aweza kuwashwa ngozi saa chache baadaye. Mwasho huo waweza kuwa alama ya vijidudu vya kichocho vinavyopenya ngozini. Mwasho huisha, lakini vijidudu hubaki ndani na kudhuru matumbo na ini. Mwogeleaji na mpiga kasia wa ziwani apimwe, na akikutwa na ugonjwa apewe vidonge vya prazikwanteli. Tangu mwaka 2003 Uganda imekuwa na mpango wa kuwagawia dawa hizo watu wa sehemu zenye ugonjwa, na hakuna sababu ya mtu kuukwepa.

Wa pili ni funza, yule kiroboto anayejichimbia katika vidole vya miguu. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Aliletwa katika pwani ya Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazil, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha kulivuka bara hadi Afrika Mashariki, akisafiri katika miguu ya wapagazi na askari. Mwezi wa Oktoba mwaka 2010 serikali ya Uganda ilitangaza kuwa funza wamewashambulia zaidi ya watu 20,000 katika Busoga na kwamba watu 20 walikuwa wamekufa. Mchezaji anayefanya mazoezi pekupeku katika uwanja wa vumbi akague miguu yake kila jioni. Pini moja isitumiwe kwa watu wawili, kwani hupeleka magonjwa ya damu kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Ni bora kwenda zahanati, ambako funza hutolewa kwa usafi au huuawa kwa mafuta ya dimetikoni, na mgonjwa huchanjwa dhidi ya pepopunda. Nyumbani, sakafu ya udongo inyunyizwe maji na kufagiwa kila siku.

Wa tatu ni nzi anayetaga mayai katika nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Mayai yakianguliwa, viluwiluwi huingia katika ngozi ya mvaaji na kufanya uvimbe kama jipu, wenye tundu dogo katikati. Kinga yake inajulikana na mama wa nyumba yeyote hodari: nguo zianikwe juani juu ya kamba, kisha zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, zikiwemo nepi za mtoto na chupi. Pasi hiyo si ya madoido tu.

Katika miteremko ya Elgon, zaidi ya Mbale, udongo mwekundu wenye asili ya volkano huweza kumletea mtu atembeaye pekupeku kwa miaka mingi uvimbe wa miguu unaofanana na matende, ingawa hauletwi na mbu. Kijana anayependa kukimbia bila viatu avae viatu baada ya mazoezi, na kila siku aoshe miguu kwa maji na sabuni. Kinga ya ugonjwa huo haizidi hapo, lakini ukishakomaa haurudi nyuma kwa urahisi.

ALAMA AMBAZO HAZICHEZEWI

Yapo mabaka ambayo hayafai kupakwa dawa ya dukani hata kwa siku moja. Baka lililopauka ambalo halina hisia, ukiligusa kwa pamba mgonjwa hasikii, laweza kuwa ni ukoma. Watu wa Busoga wanaijua hospitali ya Buluba, ambako Dakta Wanda Błeńska kutoka Poland aliwatibu wagonjwa wa ukoma kwa zaidi ya miaka 40, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Siku hizi ukoma hutibiwa kwa dawa za pamoja kwa miezi 6 au 12, bila malipo, na mgonjwa aliyeanza dawa hana haja ya kutengwa.

Malengelenge yenye maumivu makali, yaliyojipanga kama mkanda upande mmoja wa kifua au wa tumbo, ni ule ugonjwa uitwao mkanda wa jeshi. Dawa zake hufanya kazi vyema zikianza ndani ya siku tatu. Ukimpata kijana, ni busara apime virusi vya Ukimwi, si kwa kumshutumu, bali kwa sababu huenda kinga yake ya mwili imepungua, na dawa za kuirudisha zipo. Vipele vyenye usaha vinavyofuatana na homa na mitoki vyahitaji kutazamwa kwa haraka pia, maana mwaka 2024 ugonjwa wa mpox ulithibitishwa Uganda, nao huenea kwa ngozi kugusana na ngozi.

Mwisho ni doa jeusi la unyayoni au chini ya ukucha. Mkimbiaji akigongwa ukucha huwa mweusi kwa damu, na weusi huo husogea mbele ukucha unapoota. Weusi usiosogea, unaopanuka, au unaoingia katika nyama waweza kuwa saratani. Mwimbaji Bob Marley wa Jamaika, mpenzi mkubwa wa soka, alidhani kidole chake kilikuwa na jeraha la mchezo. Mwaka 1977 ikagunduliwa kuwa ni saratani, naye akafariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36.

LINI MCHEZAJI ARUDI UWANJANI

Makocha wengi huuliza swali hili siku ya mechi, wakati mchezaji amekwisha kuvaa jezi. Liulizwe mapema. Kanuni za mieleka katika vyuo vya Marekani zafaa kuwa kipimo kwa michezo yote ya kugusana. Mwenye choa cha mwilini hupumzika mpaka atimize saa 72 za kupaka dawa, na baka lifunikwe. Mwenye majipu au vidonda vya bakteria hungoja saa 72 za antibiotiki, bila kidonda kipya kwa saa 48, na vya zamani viwe vikavu. Mwenye malengelenge ya virusi hungoja saa 120 za vidonge, na magaga yakauke. Mwenye upele asiguse mwenzake mpaka atibiwe. Mwenye fangasi ya miguu aweza kucheza, ila asitembee pekupeku bafuni.

Kanuni hizo hazina maana ikiwa mchezaji anaogopa kusema. Ichukuliwe mfano wa kijana mwenye choa kifuani, aliyemwona mwenzake akichekwa mbele ya gwaride kwa sababu ya upele. Je, huyo atajitokeza? Hatajitokeza. Atavaa fulana mbili, atacheza, na baada ya mwezi timu nzima itajikuna. Kiongozi anayemdhihaki mgonjwa huitia hasara timu yake mwenyewe. Ukaguzi wa ngozi ufanywe mara moja kwa juma, faraghani, na mtabibu wa kikosi, wanawake wakaguliwe na mwanamke, na anayejitokeza asipoteze nafasi yake katika timu kwa sababu ya kusema kweli.

KAZI YA NYUMBANI

Nyumbani ndiko vita hivi vinakoshindwa au kushinda. Kila mtu katika kota awe na taulo lake, lenye alama ya uzi wa rangi yake ili watoto wasikosee. Nguo za mazoezi zisikae ndani ya mfuko mpaka kesho. Zifuliwe siku ile ile. Baada ya mazoezi mtu aoge kabla ya kumpakata mtoto. Sabuni ya kawaida yatosha; sabuni kali za dawa huikausha ngozi na kuipasua. Magodoro na mablanketi yatolewe juani kila juma. Mtoto mwenye mabaka kichwani asinyolewe kwa wembe wa baba. Na mwenzi akiona baka jipya mwilini mwa mwenziwe, alitaje kwa upole na waende pamoja zahanati, kwa kuwa katika magonjwa haya anayetibiwa peke yake huambukizwa tena.

Wakubwa wa vikosi nao wana sehemu yao: maji ya kutosha katika mabafu, nafasi ya kuanika, jozi ya pili ya soksi kwa kila askari, na dawa za fangasi na upele zisizokwisha katika zahanati. Gharama ya hayo ni ndogo ikilinganishwa na siku za kazi zinazopotea kwa askari aliyelazwa mguu umevimba.

Jioni ya leo, kabla ya taa kuzimwa, kila askari na kila mzazi avue viatu, atenganishe vidole vya miguu yake, atazame kwa makini, kisha awatazame watoto. Ni kazi ya dakika tano. Atakayekuta mpasuko, baka au kipele asikifiche. Zahanati hufunguliwa asubuhi.